Ushindi wa mezani: kisa cha kundi moja la mashabiki jijini Mbeya

Jumamosi ya tarehe 28 Juni 2025, kabla ya saa nne asubuhi, picha iliingia katika kundi la WhatsApp la mashabiki wa soka ambalo nimo tangu lilipoanzishwa. Ilimwonyesha mwenzetu mmoja, muuza simu wa Kabwe, akiwa amevaa shati la kijani na kushika bahasha yenye fomu ya kuomba kuteuliwa na Chama Cha Mapinduzi kugombea udiwani. Chini yake aliandika: "Jumatano kijani, Jumamosi kijani. Watani mpo?" Siku tatu nyuma, Jumatano ya tarehe 25, Yanga walikuwa wameifunga Simba mabao 2-0 na kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu kwa mara ya nne mfululizo. Hadi giza linaingia Jumamosi hiyo kundi lilikuwa limefungwa na mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa amejitoa. Jumatatu, skrinishoti ya maneno yake ilikuwa mezani kwa mkuu wake wa shule.

Mtaani kwetu kisa hiki husimuliwa kwa maneno machache tu, kwamba siasa iliharibu mpira. Nimezungumza na wahusika mmoja mmoja na nimesoma upya ujumbe wote wa siku ile kwa mpangilio wake, na sioni kama maelezo hayo yanatosha. Siasa ilikuwamo katika kundi letu miaka yote, na mara nyingi ilituchekesha. Ninachotaka kuonyesha ni mahali hasa ambapo kicheko kilikatika, na kwa nini hatua iliyochukuliwa kwa nia njema ya kuzima moto ndiyo iliyouacha ukiwaka.

Kwanza niseme kundi lenyewe ni la namna gani, kwa sababu mtu asiyeufahamu mpira wa Mbeya anaweza kudhani lilikuwa kundi la Simba na Yanga. Lilianzishwa na mashabiki wa Mbeya City kwa kazi moja ya kuchangishana nauli na viingilio. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza msimu wake wa kwanza, wa 2013/14, katika nafasi ya tatu, watu wa hapa walisafiri kwa mabasi kuifuata timu hadi mikoa ya mbali, wamevaa zambarau na kuimba "Koma Kumwanya" njia nzima. Timu ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23. Kundi halikufa, ila liligeuka kuwa kijiwe na mfuko wa kusaidiana katika misiba. Na kwa kuwa kila Mtanzania anayependa soka, hata awe na timu yake ya nyumbani, ana upande katika Simba na Yanga, maongezi ya kila siku yakahamia huko. Wapo humo pia mashabiki wawili au watatu wa Tanzania Prisons, Wajelajela, ambao hutaniwa na pande zote na ambao, kwa kweli, ndio wavumilivu kuliko sisi sote.

Msimamizi wa kundi ni mzee mstaafu wa TAZARA, ambaye bado hupenda kutukumbusha kwamba Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 na kwamba sisi wengine tunahangaika na timu za Dar es Salaam kwa sababu hatukuuona mwaka huo. Mweka hazina ni mama mmoja muuza mitumba wa Mwanjelwa. Ni shabiki wa Simba, lakini hajawahi kuchelewesha mchango wa mtu wa Yanga hata kwa siku moja. Mwalimu aliyejitoa naye ni wa Simba. Muuza simu ni wa Yanga. Tangu Jumamosi ile jina lake likawa Mtia Nia, na hata mimi nitamwita hivyo humu.

Hoja ya rangi ilikuwa ya zamani. Watu wa Simba walizoea kusema kwamba Yanga ni tawi la chama kwa sababu wote huvaa kijani na njano, nao wa Yanga wakajibu kwamba kila anayevaa nyekundu ni mpinzani aliyekosa pa kwenda. Mtu akitaka kuipima hoja hiyo kwa kumbukumbu, haifiki mbali. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa TANU na ASP, kwa hiyo klabu inakizidi chama umri kwa miaka 42. Upande wa pili, mwekezaji wa Simba, Mohammed Dewji, alikuwa mbunge wa Singida Mjini kwa tiketi ya CCM kuanzia 2005 hadi 2015, na Ismail Aden Rage alikuwa mwenyekiti wa Simba huku akiwa mbunge wa chama hichohicho kwa jimbo la Tabora Mjini. Rais Samia Suluhu Hassan alipoanza mwaka 2023 kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao katika mashindano ya Afrika, ile iliyoitwa "goli la Mama", fedha hizo zilikwenda kwa timu zote mbili, na mashabiki wa pande zote mbili walizishangilia.

Hapa kwetu mambo yamechanganyika zaidi. Mbeya City ni mali ya Halmashauri ya Jiji. Baada ya uchaguzi wa 2015 halmashauri hiyo iliongozwa na Chadema, na baada ya ule wa 2020 ikaongozwa na CCM. Jimbo lenyewe lilikuwa mikononi mwa Joseph Mbilinyi wa Chadema, Sugu, kuanzia 2010 hadi 2020, kisha likaenda kwa Tulia Ackson wa CCM. Jezi ilibaki zambarau muda wote huo. Uwanja wa Sokoine, ambako timu hucheza, ni mali ya CCM, kwa hiyo mpinzani mkubwa kuliko wote mjini, akitaka kuiona timu ya jiji lake, hukaa kwenye jukwaa la chama asichokipenda, na sijasikia hata mmoja aliyeacha kuingia kwa sababu hiyo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili ieleweke kwamba hakuna aliyeiamini hoja ya rangi. Ilikuwa utani, na ilijulikana hivyo. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi hata na watangazaji wa redio, na neno hilo lina uzito wake kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini. Mhehe na Mngoni ni watani kwa sababu mababu zao walipigana, wakachoshana, na baadaye vita ile ikageuzwa kuwa maneno. Mtani anaweza kuja msibani kwako akalala mahali pa marehemu na kudai alipwe ndipo ainuke, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ina sharti moja ambalo halitamkwi kwa sababu kila mtu analijua, nalo ni kwamba zamu yako ipo. Anayenitania leo anajua kwamba kesho nitamtania, na kwamba hana silaha nyingine zaidi ya ulimi, kama mimi. Soka hulitimiza sharti hili bila shida kwa kuwa ratiba ya ligi huleta zamu nyingine kila baada ya miezi kadhaa. Mwenye kufungwa tano kwa moja, kama Simba walivyofungwa tarehe 5 Novemba 2023, hunyamaza wiki mbili, huzima data, kisha hurudi.

Juni 2025 haikuwa kawaida kwa pande zote mbili. Mchezo uliochezwa tarehe 25 ulitakiwa kuchezwa tarehe 8 Machi. Uliahirishwa baada ya Simba kuzuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia siku ya mchezo na kutangaza kwamba hawatacheza, na Yanga nao wakashikilia kwa miezi mitatu kwamba mchezo huo kwao umekwisha na pointi ni zao, hata wakafika hadi Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo, ambayo iliwarudisha wakamalize kwanza ngazi za nyumbani. Katika miezi hiyo hiyo, tarehe 12 Aprili, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Chadema hawatashiriki uchaguzi wa Oktoba kwa kuwa hawakusaini kanuni za maadili, na kiongozi wao Tundu Lissu alikuwa mahabusu. Msamiati mmoja ukatumika kwa habari mbili. Watu walisema "mezani" kwa kuwa pointi za derby zilitafutwa mezani, wakasema "mezani" kwa kuwa, kwa maoni yao, uchaguzi nao ulikuwa ukiamuliwa mezani. Mtu aliyeogopa kuandika la pili aliandika la kwanza, na wasomaji wake wakaelewa. Nakiri kwamba hata mimi nilifanya hivyo zaidi ya mara moja.

Hiyo ndiyo hali iliyoikuta picha ya Jumamosi. Majibu ya kwanza yalikuwa ya kawaida: wa Yanga wakampongeza, wa Simba wakamwambia akishinda atutengenezee barabara ya Ilomba kwanza ndipo avae kijani. Mwalimu aliandika saa tano hivi: "Ubingwa wa mezani, udiwani wa mezani. Meza moja." Watu walicheka, na alama za kicheko bado zipo chini ya ujumbe ule, mojawapo ikiwa ya Mtia Nia mwenyewe.

Sentensi ile ilikuwa kali, na nusu yake haikuwa sahihi. Mchezo wa tarehe 25 ulichezwa kwenye majani, mabao mawili yalionekana na kila mtu, na ubingwa haukutoka mezani. Mwalimu mwenyewe aliniambia hivyo baadaye, kwamba neno "meza" lilimjia kwa utamu wake na hakusimama kulipima. Ila kwa kipimo cha utani halikuvuka mpaka: lilimpiga mtani mahali ambapo mtani angeweza kujibu.

Jibu lililofuata halikutoka kwa Mtia Nia. Kijana mmoja wa Yanga, ambaye wakati ule alikuwa akizunguka naye katika maandalizi, aliandika kwamba Mwalimu ni "nyumbu wa Msimbazi", yaani mtaa yaliko makao ya Simba. Mwalimu akamjibu kwa neno "chawa". Nyumbu ni tusi wanalopewa wafuasi wa Chadema, kwamba hufuata kundi bila kuangalia mto. Chawa ni tusi wanalopewa wanaowasifu wakubwa ili wapate chochote. Kwa matusi ya mpira, "kolo" kwa mtu wa Simba na "utopolo" kwa mtu wa Yanga, tulikuwa tumezoeana. Hayo mawili yalikuwa mapya kwa watu hao wawili, na ndani ya dakika chache watu wengine saba au wanane walijiingiza, kila mmoja akiwa na tafsiri yake ya nani anamlisha nani.

Kichekesho chenye uchungu ni kwamba Mwalimu hana chama. Na Mtia Nia, kama wazee wa mtaa wanavyokumbuka vizuri, mwaka 2015 alikuwa kwenye mikutano ya upinzani pamoja na nusu ya vijana wa jiji hili. Hakuna aliyelitaja hilo siku ile. Rangi zilikwisha kugawanywa, na kila mtu alivishwa yake na mpinzani wake.

Ndipo ukaja ujumbe ambao kwa maoni yangu ndio kisa chenyewe. Kijana yule aliandika: "Mwalimu, kumbuka mshahara wako unatoka wapi."

Niliusoma nikiwa kwenye daladala ya Uyole na nikahisi kitu kimebadilika kabla sijajua ni kitu gani. Hauna tusi ndani yake. Ukiuonyesha kwa mtu asiyejua kilichotangulia, atauona kama ushauri. Lakini ndio ujumbe wa kwanza siku ile ambao mlengwa hakuwa na namna ya kuurudisha. Mwalimu angeweza kumwita mwenzake utopolo au chawa, na mwenzake angeweza kumrudishia kolo au nyumbu. Hakuweza kumwambia kijana anayejiajiri akumbuke mshahara wake unatoka wapi. Mtumishi wa umma anabanwa na kanuni za maadili zinazomzuia kuonyesha ushabiki wa chama kazini, anahamishwa kwa barua, anapandishwa daraja kwa taarifa ya mkuu wake, na kila mtu kundini alilijua hilo. Sharti la zamu liliondoka, na utani ukaondoka nalo. Mwalimu hakujibu. Baada ya dakika ishirini hivi kundi likaonyesha kwamba amejitoa.

Mzee wetu wa TAZARA, aliyekuwa shambani tangu asubuhi, alifungua simu jioni na kukuta ujumbe zaidi ya mia mbili. Mtu mmoja alikuwa ameanza kuandika habari za Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kutaja kwamba kuchapisha taarifa za uongo kunaweza kumtia mtu katika faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mzee akaogopa, na simlaumu, kwa kuwa namba ya msimamizi wa kundi ni yake na inaonekana kwa kila mtu. Aliandika "Wanangu tulale, tutazungumza", kisha akafunga kundi ili wasimamizi tu waweze kuandika. Dakika chache baadaye aliyafuta maneno yake hayo, akihofu, kama alivyonieleza, kwamba yangeonekana kama ameegemea upande.

Kwa hiyo neno la mwisho la ugomvi ule lililobaki bila jibu lilikuwa ule ujumbe wa mshahara. Ulikaa hivyo siku nne. Kila aliyefungua kundi kuangalia kama limefunguliwa aliukuta, na mtu wa Simba aliyetaka kuandika kwamba kauli ile haikufaa hakuweza, wala mtu wa Yanga aliyetaka kumkemea kijana wao hakuweza. Nimezungumza na watu wa Yanga wasiopungua watano ambao walitaka kufanya hivyo. Kundi lililofungwa lilimfanya kila mmoja aonekane amekubali. Mzee hakujua kwamba msimamizi anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwa watu wote. Aliniambia angejua angeufuta huo mmoja na kuacha mengine yote, matusi pamoja nayo, na nadhani angekuwa amepatia. Matusi yale yangejimaliza yenyewe. Mchezo mwingine ungekuja.

Aliyepeleka skrinishoti shuleni hajulikani, na sikuona haja ya kumtafuta. Ilikuwa na mistari miwili tu, "Meza moja" na ule wa mshahara, bila yaliyotangulia na bila alama za kicheko. Mkuu wa shule alimwita Mwalimu, akamsikiliza, akamwambia aandike maelezo, na jambo likaishia kwenye jalada. Hakuna adhabu iliyotolewa. Lakini Mwalimu alitumia usiku mzima kuandika maelezo ya kurasa mbili kuhusu mzaha wa maneno manane, na aliponisimulia hakucheka hata pale nilipodhani atacheka.

Mashabiki wa Simba walianzisha kundi lao siku ya Jumapili. Sina mengi ya kusema kulihusu. Lilikuwa na picha za Simba, malalamiko kuhusu waamuzi, na ukimya mwingi. Kumbe watani wakikaa peke yao hawana cha kusema.

Mtia Nia nilimkuta dukani kwake wiki iliyofuata. Alisema hakumtuma kijana yule, na namwamini. Nilimuuliza kwa nini basi hakumkana palepale, wakati kundi lilikuwa bado wazi kwa saa kadhaa. Alikaa kimya huku akibandika kioo kwenye simu ya mteja, kisha akasema kwamba katika wiki ile alihitaji kila mtu aliyekuwa upande wake, na kwamba kumkemea mmoja hadharani kungesomwa kuwa udhaifu. Katika mambo yote niliyoyasikia, hilo ndilo lililonifafanulia zaidi. Shabiki wa Yanga angeweza kumwambia mwenzake "hapo umezidi" bila kupoteza kitu. Mwomba kura hakuweza, na alikuwa ni mtu yuleyule, kwenye simu ileile, chini ya picha aliyoipandisha akitafuta watani.

Mwishoni mwa Julai mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, Tukuyu. Tangazo liliingia makundi yote mawili, lakini mfuko ulikuwa mmoja, kwa kuwa mama mweka hazina alikuwa amekataa tangu mwanzo kuugawa. Alipoambiwa agawe, alijibu kwamba daftari halina kurasa za Simba na kurasa za Yanga, na kwamba anayetaka chake aje Mwanjelwa ahesabiwe. Hakuna aliyekwenda. Ilikodiwa Coaster moja. Mwalimu alikaa mbele karibu na dereva, Mtia Nia alikaa nyuma kabisa, na hadi tunapita Kiwira hakuna aliyetaja mpira wala chama. Kwenye kushuka, kijana wa Wajelajela aliuliza kwa sauti kama kuna mtu yeyote humu ndani anayejua kwamba Mbeya City imerudi Ligi Kuu, au wote tumesahau timu iliyotukutanisha. Watu wachache walicheka. Mwalimu alicheka pia, bila kugeuka nyuma.

Kundi la zamani lilifunguliwa baadaye na bado lipo. Mwalimu hajarudi, ingawa mchango wake hupokewa kila mwezi kwa simu na jina lake halijawahi kukosekana katika orodha ambayo mweka hazina huipiga picha na kuibandika kundini kila tarehe 5. Kijana aliyeandika ule ujumbe naye yumo kwenye orodha hiyo, mistari michache chini yake.